Mama aliweka kidole gumba, ndugu yangu anabahatisha: niwaanzishe wapi?

*Swali: Mwalimu, hujambo. Naishi Kayole na mama yangu wa miaka 56. Anauza mboga Marikiti na hajawahi kuketi darasani. Nyumbani tunaongea Kikamba, sokoni anaongea Kiswahili. Mwaka huu mwenzake wa chama alimletea karatasi, akamwambia ni ya mahudhurio, akaweka kidole gumba. Kumbe alikuwa anamdhamini mtu mkopo. Sasa anasema anataka kusoma. Nina pia mdogo wangu wa kiume, miaka 20. Aliingia darasa la kwanza 2012, akaacha shule darasa la sita, na sasa yuko mjengo. Anasema kusoma anajua, lakini mimi naona anabahatisha. Tangu nizaliwe nasikia serikali ikisema itamaliza ujinga wa kutojua kusoma. Mipango hiyo ipo kweli ama ni maneno ya jukwaani? Na hawa wawili niwaanzishe wapi?*

Mwanangu, kabla hujauliza darasa liko wapi, mpeleke mama akapimwe macho.

Nasema hivyo kwa sababu nimefundisha na kusimamia madarasa ya gumbaru, yaani kisomo cha watu wazima, upande wa Eastlands kwa miaka 26, na wanafunzi niliowapoteza kwa ajili ya macho ni wengi kuliko niliowapoteza kwa ajili ya uzito wa kichwa. Mtu akivuka miaka 40, vitu vidogo vya karibu huanza kumpotea. Aliyesoma tangu utotoni hugundua mapema, maana kila siku anajikuta akisogeza gazeti mbali kidogo. Mama yako hajawahi kuwa na sababu ya kukodolea macho kitu kidogo kiasi hicho. Terere na managu anazitofautisha akiwa ng'ambo ya barabara, kwa hivyo anaamini macho yake ni mazima. Siku ya kwanza darasani ataona ukungu juu ya ukurasa, atadhani hivyo ndivyo kusoma kulivyo, atajiambia kichwa kimeshakauka, na wiki ya tatu hutamwona tena. Nimeona miwani ya kusomea ya bei ya chini ikimrudisha darasani mtu ambaye mwalimu alikuwa ameshamfuta kwenye daftari la mahudhurio.

Sasa twende kwa swali lako. Mipango ipo, na mimi nimekula mshahara wake, siwezi kuikana. Hata maneno ya jukwaani unayoyataja yalikuwa na uzito siku yaliposemwa. Mwaka 1966, miaka mitatu baada ya Uhuru, sheria ilipitishwa kuunda Bodi ya Elimu ya Watu Wazima. Kishindo chenyewe kilikuja baadaye. Rais Moi, akiwa bado mgeni kwenye kiti, alitangaza kwamba kutojua kusoma kufutwe nchini katika miaka mitano, na 1979 ikaundwa idara nzima ya kazi hiyo. Mwaka huo wa kwanza walijiandikisha watu zaidi ya laki nne. Hebu wazia: akina mama na leso zao, wazee na kofia zao, chini ya miti, makanisani, kwenye madarasa ambayo watoto walikuwa wametoka saa chache kabla. Mama yako alikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Mwaka huohuo maziwa ya Nyayo yalianza kugawiwa shuleni. Kwa mtoto ambaye hakuwa shuleni, maziwa yalimpita na gumbaru ikampita: moja ilikuwa ya waliokwisha kuingia darasani, nyingine ya waliokwisha kuwa wazazi.

(Wako wanaolichukia hilo neno gumbaru, wakisema linamdhalilisha mtu mzima. Afisini tulitakiwa kuandika "elimu ya watu wazima na elimu endelevu". Wanafunzi wenyewe waliaga majirani kwa kusema "naenda gumbaru" huku wakicheka. Mimi nalitumia kama wao.)

Laki nne hazikudumu. Kufikia miaka ya 1990 idadi ilikuwa imeporomoka vibaya. Walimu walikuwa wa aina tatu: wa kudumu walioajiriwa na serikali, wa muda waliolipwa posho ndogo, na wa kujitolea walioshukuriwa kwa maneno. Serikali ilipofunga mikono kwenye ajira, mwalimu wa kudumu akistaafu kiti chake kilibaki wazi, na kituo kikabaki mikononi mwa mtu wa posho ambaye akipata kibarua siku hiyo, darasa halipo. Hayo yanajulikana na yamesemwa sana. Mimi naongeza moja ambalo husemwa kidogo. Kila mwisho wa muhula nilikuwa najaza fomu ya makao makuu. Ilikuwa na safu ya waliojiandikisha wanaume, waliojiandikisha wanawake, na jumla. Safu ya waliojua kusoma haikuwamo. Nilijaza fomu hiyo miaka mingi na sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote, hata kwa simu, kwamba: hawa watu walikuja kusoma nini?

Nalishikilia swali hilo kwa sababu hapo ndipo darasa la mtu mzima linapofia au kupona. Mtoto anaenda shule kwa kuwa ametumwa. Mtu mzima ana soko, ana mjukuu mgongoni, ana mazishi ya Jumamosi. Atakuja tu ikiwa kuna karatasi fulani anayotaka kuishinda. Mzee Kimani Maruge, yule aliyeingia darasa la kwanza Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi, alieleza shida yake wazi. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, maana alishuku mhubiri haifuati, na alitaka kujihesabia pesa zake. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zikamwingiza kambini, kisha akahamia makao ya wazee hapa Nairobi, na bado akaendelea na shule hadi kabla ya kufariki Agosti 2009. Dunia ilimshangilia kwa umri wake. Mimi nilimpendea ile sababu.

Majirani zetu wa Tanzania walilielewa hili mapema kuliko sisi. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati huo wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa kama asilimia 67, na kufikia 1986 hesabu rasmi ikawa chini ya asilimia 10. Siri moja ilikuwa vitabu vya kisomo vyenyewe: palipolimwa pamba, mtu alijifunza herufi kwa pamba; penye samaki, kwa uvuvi; penye ng'ombe, kwa ufugaji. Mwaka 1973 vikundi vilikaa kuzunguka redio kwa ile kampeni ya *Mtu ni Afya*, wakisikiliza, wakisoma kijitabu, kisha wakienda kuchimba vyoo. Baadaye uchumi ulipobana na vitabu vikakosekana, wengi waliokuwa wamejua walisahau. Kusoma ni kama panga, lisipotumiwa linaliwa na kutu. Hilo tutalirudia nikifika kwenye maktaba.

Kuhusu hali ilivyo nchini, kuna nambari mbili ambazo watu hurushiana kama mawe. Ya kwanza inatokana na uchunguzi wa kitaifa uliofanywa na Shirika la Takwimu mwaka 2006: asilimia 61.5 ya watu wazima walijua kusoma na kuandika, na watu milioni 7.8 hawakujua. Wanawake walikuwa nyuma, asilimia 58.9 dhidi ya 64.2 ya wanaume. Ya pili ni ile ya mashirika ya kimataifa, ambayo kwa mwaka 2018 ilikuwa asilimia 81.5. Ukizisimamisha bega kwa bega utasema nchi imeruka. Imesogea kweli, maana masomo ya msingi bila karo tangu Januari 2003 yameleta watu wazima wapya wengi waliokanyaga darasa. Ila uliza nambari imepatikanaje. Mwaka 2006 watu walipewa karatasi na kalamu wakatahiniwa. Hesabu nyingi za kisomo hutokana na kubisha hodi na kumuuliza mtu kama anajua, na pengine mwenye nyumba anawajibia wote. Ndugu yako angejibu "najua". Mama yako, mbele ya mgeni mwenye kishikwambi, pengine angejibu "kidogo".

Ndani ya ule uchunguzi wa 2006 kuna nambari ambayo haipendwi kwenye hotuba. Ni asilimia 29.6 tu ya watu wazima waliofikia kiwango cha kusoma kinachotakikana, yaani cha kumfaa mtu katika shughuli zake. Piga hesabu: kati ya waliotajwa kuwa wanajua, zaidi ya nusu hawakufika hapo. Wanatamka maneno, lakini wakipewa tangazo la kazi au maelezo ya dawa wanakwama. Ndugu yako yumo humo, na nitamfikia.

Nairobi iliongoza nchi kwa asilimia 87.1. Usilewe na hiyo. Mji huu ndio mahali pepesi zaidi pa kujificha. Kijijini kila mtu anajua nani hakusoma. Hapa, mtu anaijua matatu yake kwa rangi, kwa michoro na kwa sauti ya makanga, nambari ya njia anaitambua kama unavyotambua uso wa mtu. Hospitalini anasema amesahau miwani. Kwenye Huduma Centre anajifunga bendeji kidoleni (usicheke, nimeliona hili) ili mtu amjazie fomu. Niliwahi kuwa na mwanafunzi, fundi hodari wa viatu, ambaye mke wake wa miaka 11 hakujua kwamba mume wake hasomi. Alikuwa ananunua gazeti kila Jumapili.

Kilichowafichua wengi ni simu. Nilipoanza kazi, wengi waliokuja darasani walitaka Biblia na barua za watoto wao. Baada ya M-Pesa kuingia 2007, sababu zikabadilika. Mtu alikuja kwa sababu alimpa kijana wa dukani simu na nambari ya siri amtolee pesa, na kijana akatoa zaidi. Kila wizi wa namna hiyo uliniletea mwanafunzi. Ni aibu kusema, lakini matapeli wamejaza madarasa kuliko mabango yetu yote.

Kwa hivyo mama yako ameanza vizuri ingawa ameanza kwa machungu. Ana karatasi ya kushinda. Hapo ndipo pa kumwanzisha.

Nenda kwa ofisi ya chifu wa eneo lenu uulize afisa wa elimu ya watu wazima wa kaunti ndogo anakaa wapi na vituo viko wapi. Vingi havina kibao. Viko ndani ya shule za msingi watoto wakishatoka, kumbi za kanisa, kumbi za kijamii. Kisomo cha msingi kwenye kituo cha serikali hakilipiwi karo. Atanunua daftari na kalamu. Mtu akikuambia kuna ada ya kusajiliwa, mwombe akuandikie risiti, na uone kama hatabadilisha maneno. Katiba kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya elimu. Neno ni kila mtu, hata mwenye wajukuu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaitambua elimu ya watu wazima waziwazi. Usiende kama anayeomba msaada.

Saa ni jambo kubwa kuliko umbali. Mtu wa Marikiti anaamka majogoo hawajawika, na saa tisa mchana ndiyo amepumua. Darasa la saa mbili usiku litamkuta anasinzia. Tafuta la alasiri, hata kama itabidi ashuke steji mbili mbele. Likikosekana, angalia chama chake. Wanawake kumi wenye shida moja wakipata chumba na kukubaliana saa, afisa ana sababu ya kukisajili kituo na kuwatafutia mwalimu. Vituo kadhaa nilivyosimamia vilizaliwa hivyo, na ndivyo vilivyodumu, kwa kuwa mmoja akikosa wenzake wanampigia simu.

Lugha: mwanzishe kwa Kiswahili. Si kwa kukidharau Kikamba, nyumbani kiendelee kunguruma. Ni kwamba darasa la Nairobi lina kila kabila, na Kiswahili kina wema mmoja kwa anayeanza: kinaandikwa kinavyotamkwa, irabu zake ni tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Kikamba kina irabu saba, na zile za ziada zinavaa alama juu ambazo simu yake haitamsaidia kuziandika. Lau angekuambia shida yake ni kusoma Biblia ya Kikamba kanisani, ningebadilisha jibu. Lakini karatasi za chama zimeandikwa Kiswahili au Kiingereza, na Kiswahili ndicho kilicho karibu na mdomo wake.

Usisubiri mwalimu. Anza naye mezani na neno moja analolisema mara mia kwa siku: sukuma. Liandike kubwa, kwa nafasi: su ku ma. Mwonyeshe kwamba su ina ndugu zake: sa se si so su. Ku ina zake: ka ke ki ko ku. Ma nayo: ma me mi mo mu. Hizo ni silabi 15. Zikate kwenye kadi za boksi la sabuni umwache azipange mwenyewe. Atapata soko. Atapata simu, kisu, samaki, kesi. Siku moja atapanga so na ma, atakutazama, na hutahitaji kuniandikia tena kuniuliza kama anaweza. Nimewaona watu wazima wakilia kwa neno hilo, na mimi mwenyewe si jiwe.

Baada ya hapo endelea na mboga nyingine, ukianza na nyepesi. Nyanya iache kwanza, ile "ny" itamchanganya. Kitunguu pia. Mdhamini, neno lililomtia matatani, lina "m" inayosimama peke yake na "dh" juu yake. Hilo ni la mwezi wa nne hivi. Mwambie tangu sasa kwamba linakuja. Ajue anaelekea wapi.

Hesabu usimfundishe kana kwamba hajui. Mwanamke anayenunua gunia kwa bei ya jumla, akaligawa mafungu, akakopesha watu saba, akarudi na faida, huyo ana hesabu kichwani. Anachokosa ni kuishusha kwenye karatasi. Mnunulie daftari la madeni, apige mistari, kwanza aandike nambari pekee na mchoro mdogo wa kila mteja: huyu kofia, huyu bodaboda. Majina yatakuja kuchukua nafasi ya michoro moja moja. Badilisha pia lugha ya M-Pesa kwenye simu yake iwe Kiswahili. Ujumbe wa pesa unafanana kila siku, na kitu kinachofanana kila siku ni kitabu kizuri cha mwanafunzi. Atalijua neno "umepokea" kabla hajamaliza silabi zote, na hakuna ubaya.

Kuna jambo moja ambalo nabishana na walimu wenzangu. Wengi huanza kwa kumfundisha mtu kuandika jina na kutia saini, kwa sababu linampa fahari haraka na linapendeza kwenye picha za sherehe za kisomo kila tarehe 8 Septemba. Mimi nasema saini ije mwisho. Kidole gumba angalau kinamwambia atakayeamua kesi kwamba mtu huyu huenda hakusoma. Saini inadai amesoma. Ukimpa mama yako saini kabla hajaweza kusoma mstari unaotangulia, umemvisha nguo ya mtu anayejua na kumsukuma sokoni.

Itachukua muda gani? Kwa niliowaona wakihudhuria mara tatu au nne kwa wiki, miezi tisa hadi mwaka na nusu kufika mahali pa kusoma ukurasa wa kawaida bila kusaidiwa. Wapo waliochukua miaka mitatu kwa sababu ya wajukuu na magonjwa, nao walifika. Asiyefika ni yule ambaye watu wa nyumbani humsomea kila kitu kwa haraka ya mapenzi. Mwanangu, huyo ni wewe. Akikuletea ujumbe, mwache ahangaike nao dakika tano kabla hujanyosha mkono.

Sasa ndugu yako. Huyu ni mgumu zaidi, kwa kuwa anaamini hana shida. Mpime hivi bila kumwambia unampima: mpe tangazo la kazi au maelezo yaliyo kwenye mfuko wa simenti, mwache asome kwa sauti, kisha lichukue umwulize limesema nini. Akisoma vizuri na asiweze kueleza, au akiona herufi mbili za mwanzo na kutaja neno jingine linaloanza hivyohivyo, ndilo hilo unaloita kubahatisha. Si uvivu wake. Wachunguzi wa Uwezo, mradi unaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, na wamekuta watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Madarasa yalijaa baada ya 2003, kitabu kimoja watoto wanne, mwalimu mmoja watoto themanini; waliokaa nyuma walijifunza kuimba pamoja na wenzao bila kuona ubaoni. Serikali ilipoleta Tusome mwaka 2015, kila mtoto wa madarasa ya kwanza akapewa kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na walimu wakafundishwa upya namna ya kufundisha kusoma. Ndugu yako aliyeanza 2012 alikuwa ameshavuka hapo. Ilimkosa kwa miaka michache tu.

Usimpeleke darasa la mama. Kijana wa mjengo hatakaa dawati moja na marafiki za mama yake akisoma ba be bi, na mimi nisingekaa. Vituo vyenye watu wengi huwa na ngazi za juu, za waliowahi kusoma wakaacha. Ulizia hizo kwa afisa yuleyule. Mtu akimwambia arudi akafanye KCPE, ule mtihani wa kumaliza darasa la nane, mwambie huyo ana ramani ya zamani: watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 shule za msingi waliifanya 2023. Afisa atampima na kumweka panapomfaa.

Lakini chambo chake ni kazi. Anajenga: ni mwashi, ni wa nondo, ni kibarua wa kubeba maji? Kuna mitihani ya ufundi inayosimamiwa na NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani yenye makao yake Industrial Area, inayoanzia giredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza, na hupima kile mikono yake inajua. Nchi pia imeanza kuweka utaratibu wa kumtambua mtu aliyepata ujuzi kazini bila kupita chuoni. Karatasi hiyo hutofautisha fundi na kibarua siku ya malipo, na yeye analijua hilo kuliko mimi. Mwambie njia ya giredi ina fomu na maelezo ya kusoma. Usimwambie zaidi. Akirudi kukuuliza neno fulani maana yake nini, mlango umefunguka.

Nyumbani, mpe kurasa za michezo za *Taifa Leo*. Kama ni wa Gor Mahia, asome habari ya mechi aliyokwisha kuiona, kwa sababu anayejua matokeo habahatishi sana, anatafuta kwenye maneno kile ambacho macho yake yalishuhudia. Aisome habari ileile mara tatu kwa siku tatu. Mara ya tatu utasikia sauti yake inabadilika, inaanza kuongea badala ya kuhesabu.

Nilisema nitarudi kwenye kutu. Wote wawili watahitaji mahali penye vitu vya kusoma baada ya darasa, na hapa mpango wa taifa ndipo ulipo mwembamba kabisa. Tunamfundisha mtu kusoma kisha tunamrudisha kwenye nyumba isiyo na karatasi hata moja. Bahati yenu mko Eastlands. Kuna maktaba za kaunti Kaloleni na Makadara, matawi ya ile ya McMillan iliyo katikati ya mji. McMillan ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo. Kaloleni imekarabatiwa miaka hii ya karibuni na ni mahali pa kupendeza. Mpeleke mama siku moja hata kabla hajajua silabi ya kumi. Aone watu wamekaa kimya na hakuna anayemuuliza amekuja kufanya nini. Wanafunzi wangu wengi walidhani maktaba ina tikiti.

Na ile karatasi ya mkopo. Watafute viongozi wa chama wiki hii, mama akiwepo, mkiwa na shahidi, aeleze mbele yao alivyoambiwa kabla ya kuweka kidole, na maelezo hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao huku akisomewa neno kwa neno. Msingoje mkopaji ashindwe kulipa. Ombeni nakala ya karatasi yenyewe. Mkiipata, itieni kwenye mfuko wa plastiki muiweke pamoja na daftari lake la madeni. Mwezi wa nne ukifika, mpe ile nakala na kalamu ya risasi, azungushe kila silabi anayoitambua.